Masahihisho ya Rebeccah Chepng'etich

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Kabianga na wa Merigi, wahadhiri na wanafunzi, pamoja na ninyi mlio mjini Lublin, nchini Poland, mnaotuona kupitia kompyuta iliyowekwa kwenye meza ile kando ya jeneza, mimi ni Mathew Kipkurui arap Chumo, kaka mkubwa wa marehemu na mwalimu mstaafu, na ninasimama mbele yenu kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, tarehe 21 Agosti mwaka huu wa 2024, akiwa kitandani hospitalini, aliponiambia mbele ya binti yake Fancy, "Historia yangu uiandike wewe, Mwalimu, na usinipambe, wala usijipambe." Nimejaribu kutii sehemu zote mbili za agizo hilo, na ya pili ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi.

Rebeccah Chepng'etich alizaliwa Merigi, katika sehemu ambayo leo ni Bomet Mashariki, siku ya Alhamisi tarehe 14 Mei 1959, asubuhi wakati ng'ombe wakitolewa zizini kwenda malishoni, na ndiyo sababu akapewa jina hilo la Chepng'etich, akiwa mtoto wa saba na wa mwisho wa marehemu mzee Kipchumo arap Tonui na marehemu mama Elmina Taplelei. Alibatizwa Jumapili tarehe 20 Desemba mwaka huo huo, nami nikiwa kijana wa miaka kumi na sita ndiye niliyemtajia karani wa misheni herufi za jina lake moja baada ya nyingine, herufi ya mwisho ikiwa h, kwa hiyo walioandika tangazo la kifo lililobandikwa pale sokoni bila herufi hiyo wajue kwamba wamemwandika mtu mwingine.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya hapo Merigi mwezi wa Januari 1966, na mwaka 1970 alipoingia darasa la tano alinikuta mimi nikiwa mwalimu wake wa Kiswahili, nikaendelea naye mpaka mwisho wa darasa la sita mwaka 1971. Wakati huo Kiswahili hakikuwa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na walimu wengi walikitumia kipindi hicho kuwapeleka watoto kupalilia bustani ya shule, lakini mimi nilikifundisha kana kwamba maisha ya mtoto yalikitegemea, na nilikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wangu mlio hapa, wenye mvi sasa, bado mnaikumbuka. Kazi iliyorudi na wino mwekundu iliandikwa upya yote, kuanzia tarehe mpaka sahihi, kwa mkono safi, ikaletwa mezani pangu asubuhi iliyofuata bila kuulizwa, kwa maana mimi sikudai masahihisho, niliyasubiri tu, na yaliyochelewa sikuyapokea, hata kama aliyeyaleta alikuwa analia.

Katika miaka ile miwili Rebeccah hakuchelewesha masahihisho hata mara moja. Siku mvua ilipobomoa daraja la miti lililokuwa mtoni, tarehe 3 Mei 1971, alivuka maji yakiwa kifuani, daftari likiwa kichwani ndani ya karatasi ya nailoni, akafika akaliweka mezani pangu likiwa kavu na yeye akitetemeka, nami nikalisoma, nikalitia tiki, nikamwambia akae. Ni wakati huo alipoanza kuniita Mwalimu, darasani na nyumbani, tukikama ng'ombe au tukivuna mahindi, na hakuniita kwa jina lingine mpaka alipofariki, nami katika maisha yangu yote sikupewa cheo kingine nilichokipenda zaidi ya hicho.

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1972 akafaulu, akasoma sekondari mjini Kericho kuanzia 1973 hadi 1978, na mwezi wa Septemba 1979 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea ualimu, masomo yake yakiwa Kiswahili na Historia. Siku tulipomsindikiza kituoni baba alichinja kondoo, watu wakaimba, nami niliimba pamoja nao, lakini kwa kuwa niliambiwa nisijipambe ninasema kwamba niliona wivu, kwa sababu mwaka 1958 mimi pia nilifaulu mtihani wangu, nikafaulu vizuri, na baba akaniambia kwamba wadogo zangu ni wengi na mimi ndiye wa kwanza, kwa hiyo nikaenda chuo cha ualimu cha miaka miwili badala ya shule ya sekondari, na mlango huo haukufunguka tena. Wivu huo niliukunja nikauweka, na kwa miaka mingi sikuuona.

Marehemu alihitimu mwaka 1982, akafundisha katika shule ya sekondari ya wasichana iliyoko nje kidogo ya mji wa Kericho hadi mwaka 1994, akarudi chuoni kwa shahada ya uzamili aliyoipata mwaka 1996, kisha ya uzamifu mwaka 2008, na mwezi wa Septemba 2010 akaajiriwa kuwa mhadhiri wa Kiswahili katika chuo kikuu cha hapa Kabianga, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Kuhusu ndoa, marehemu aliolewa na Bwana Kimutai arap Mibei, afisa wa kilimo, Jumamosi tarehe 14 Aprili 1984, wakabarikiwa watoto watatu, nao ni Kipkirui, Fancy Chelimo na Winny Cherono, na wakajenga nyumba hii mnayoiona, wakapanda chai hii inayotuzunguka, mpaka Bwana Kimutai alipofariki tarehe 2 Agosti 2011, naye amelala pale penye ua wa maua meupe, ambapo leo mkewe analazwa kando yake. Baada ya kufiwa, marehemu alikuja Merigi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunakaa jikoni, anapika chai yeye mwenyewe kwa sababu alisema ya kwangu ina maziwa machache, ananisomea makala alizoziandika, nami ninamwonyesha mahali sentensi imelegea, na siku hizo zilinitosha.

Sasa nafika katika sehemu ya kazi yake ambayo wengi wenu mmeifuata hapa, na ambayo mimi naijua vizuri kuliko ninavyotakiwa kuijua.

Mwishoni mwa mwaka 2020 marehemu alikubaliana na Dkt. Halina Wrona, anayefundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja mjini Lublin, kwamba madarasa yao mawili yakutane kwa njia ya mtandao kila Alhamisi, bila mtu kupanda ndege, kila mwanafunzi wa Kabianga akipewa mwenzake wa kule, wakizungumza ana kwa ana kwenye kompyuta, na katikati ya wiki wakiandikiana barua. Walihitaji pia mzee mmoja mwenyeji, atakayekaa mbele ya kompyuta kila wiki na kuwasimulia wanafunzi wa kule maisha ya nchi hii ya chai kwa Kiswahili cha watu wanaokitumia, na kwa hiyo tarehe 11 Januari 2021 nilipokea barua, iliyoletwa na bodaboda, iliyopigwa chapa kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, ikianza kwa maneno "Kwa Bw. M. K. Chumo," ikiniomba niwe mzee huyo.

Niliisoma mara tatu. Kwetu mtu anayemhitaji mkubwa wake humwendea nyumbani, akaketi, akanywa kilichopo, akauliza habari za ng'ombe, na jambo lenyewe akalisema mwishoni kabisa akiwa ameshika mlango, wala hatumi bodaboda, na isitoshe yule aliyeniita Mwalimu kwa miaka hamsini alikuwa ameniandika Bw. kama mtu anayekumbushwa kulipia maji. Nilitoa kalamu nyekundu. Nilipata makosa manne, nikayapigia mstari, nikaandika chini 16 kwa 20, na chini yake neno moja, "Rudia," nikamrudishia tarehe 17 kwa bodaboda yule yule, kisha nikasubiri, kwa maana nilimfundisha mwenyewe kwamba kazi yenye wino mwekundu huandikwa upya na kuletwa kwa mkono, na niliamini kwamba asubuhi yake, au siku ya pili yake, nitamwona langoni.

Hakuja. Fancy alinipigia simu kusema kwamba mama yake amejifungia nyumbani kwa siku kumi na nne kwa sababu wanafunzi wawili wa darasa lake wamepatikana na korona, nami nikajibu kwamba nimesikia, nikaona moyoni kwamba ni kisingizio kizuri. Tarehe 4 Februari 2021 masomo yalianza, saa nane na nusu mchana, na mzee aliyeketi mbele ya kompyuta alikuwa Bwana Masese Omariba, jirani yake wa hapa ng'ambo ya ua, mzaliwa wa Nyamira, aliyekuja Kericho mwaka 1971 akachuma chai katika mashamba makubwa kwa miaka thelathini na mmoja, ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa lolote. Jumamosi za mwisho wa mwezi marehemu aliendelea kuja kwangu, akapika chai yake, lakini ile barua hakuitaja, wala mimi sikuitaja.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 2021, Fancy alinionyesha kwenye simu yake kipindi kimoja kilichorekodiwa, akidhani nitafurahi. Nilimwona Bwana Masese akiwa katikati ya chai, kikapu mgongoni, akiwaonyesha Wapolandi jinsi ya kukata majani mawili na kichipukizi, akisema, "Nyinyi watoto, hii si kung'oa, hii ni kama kumtoa mtoto mchanga kitandani bila kumwamsha," nao wakicheka, wakiandika, na sauti ya dada yangu ikatoka nyuma ya kompyuta ikisema, "Asante, Mwalimu Masese, hebu warudie hapo, Mwalimu." Nilimrudishia Fancy simu yake. Neno lile nililihesabu, alilitamka mara tisa katika dakika ishirini.

Mwezi wa Septemba 2021 nilinunua simu ya aina hiyo, nikamwomba Fancy aniwekee njia ya kuingia katika masomo yale, nikamwapisha asimwambie mama yake, na kuanzia hapo kila Alhamisi niliketi jikoni kwangu Merigi, kamera ikiwa imefungwa na kipaza sauti kimefungwa, nikiwa nimeandikwa kwenye orodha yao kwa jina la aina ya simu tu, nikasikiliza. Nilimsikia Bwana Masese akiwaeleza juu ya mvua ya mawe, juu ya nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari, juu ya jinsi Wakipsigis, Wakisii na Wajaluo walivyojifunza Kiswahili wakiwa wameinamia kichaka kimoja cha chai, na mara nyingi alikosea miaka, na mara moja alimtaja mtu kuwa mwasisi wa shule ambayo hakuianzisha, nami nikasema peke yangu jikoni, "Si huyo," na hakuna aliyenisikia. Nilimsikia msichana mmoja, Zofia, akimwambia kwamba angependa babu kama yeye. Dkt. Wrona alimtumia shali ya sufu kwa posta, ambayo ameivaa hata leo, ingawa mnaona jua lilivyo.

Kilichoniuma zaidi ni zile barua. Nilisikia kwamba wanafunzi wa pande mbili husahihishana kwa wino mwekundu, kisha kila mmoja huandika barua yake upya yote na kuirudisha kabla ya Alhamisi bila kuulizwa, na Dkt. Wrona akasifu utaratibu huo mbele ya wote akisema hajapata kuona mwingine bora, na marehemu akacheka tu, hakutaja ulikotoka. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Nikasema kwamba cheo amempa Masese, na sheria yangu amewapa Wazungu, na mimi nimebaki na simu.

Alhamisi tarehe 4 Novemba 2021 nilifungua dakika kumi kabla ya saa saba na nusu kama ilivyokuwa mwezi wote wa Oktoba, nikakuta hakuna mwanafunzi hata mmoja, ila marehemu peke yake mezani pake, miwani puani, anasahihisha makaratasi. Wenzetu wa Poland hurudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo masomo siku hiyo yalikuwa saa nane na nusu, na wote walikuwa wameambiwa, lakini mimi sikuwa mtu wa kuambiwa. Marehemu aliinua macho akasema, "Karibu, uliyefika mapema," akaendelea na kazi yake. Kwa saa nzima tulikuwa sisi wawili, yeye akigeuza makaratasi na kunywa chai yake, mimi nikimtazama bila yeye kuniona, na mara mbili kidole changu kilifika kwenye alama ya kipaza sauti, na mara mbili nikakiondoa, kwa sababu nilitaka yeye ndiye aje, na aje langoni na masahihisho yake.

Jambo ambalo ningeliruka kama nisingeagizwa nisijipambe lilitokea Jumamosi tarehe 17 Desemba 2022, nyumbani kwangu, tulipokusanyika kumshukuru Mungu kwa Winny kuhitimu uuguzi. Marehemu alikuja na Bwana Masese na mkewe Nyanchoka, akamtambulisha kwa watu akisema, "Huyu ndiye Mwalimu Masese, Poland nzima inamjua," nami nikasimama na sahani yangu nikasema kwamba hapa Merigi mwalimu ni mtu aliyeshika chaki. Bwana Masese akacheka akasema, "Chaki sikushika, mzee, nilishika kikapu, na kikapu kikijaa ni kizito kuliko chaki, muulize huu mgongo." Watu wakacheka pamoja naye. Nikamuuliza ana cheti gani, akasema, "Cha ubatizo tu, na chenyewe panya wamekula upande wa tarehe," wakacheka zaidi, nami nikamwambia kwamba katika nyumba hii mtu hubeba cheo alichokisomea. Hapo hakucheka tena. Marehemu alichukua mkoba wake, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Leo umenitia wino mwekundu mbele ya wageni, Mwalimu," akaondoka nao kabla ya kula, na Jumamosi za mwisho wa mwezi zikakoma. Kwa miezi kumi sikumwona ila kwenye simu, kila Alhamisi, bila yeye kuniona.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kupata shida ya kumeza chakula mwezi wa Julai 2023, akadhani ni vidonda vya tumbo, na tarehe 9 Oktoba 2023 madaktari walithibitisha kwamba ana saratani ya umio. Nilikwenda kumwona siku iliyofuata. Sikuomba msamaha kwa maneno, naye hakuudai, alisema tu, "Mwalimu, umekonda," nikamwambia na yeye pia. Alitibiwa kwa mionzi na dawa kati ya Novemba 2023 na Aprili 2024, akapata nafuu, akarudi kufundisha muhula mmoja, na Bwana Masese ndiye aliyembebea kompyuta kutoka nyumbani hadi kwenye gari kila Alhamisi, nikajua hilo pia kwa kusikiliza, na hata hilo nilimwonea wivu.

Mwezi wa Agosti hali ilirudi vibaya, akalazwa, na ndiyo siku ile ya tarehe 21 aliyonipa agizo hili. Alipomaliza kuniagiza alisema, "Ile saa moja ya Novemba, Mwalimu, mimi nilijua kwamba huna wa kukuambia kuwa Wazungu wamerudisha saa, ndiyo maana nilifungua mapema." Nilimuuliza alijua tangu lini, akasema kwamba tangu majuma ya kwanza, kwa sababu hakuna mwanafunzi duniani anayefika kila juma dakika kumi kabla ya wakati. Nikasema, "Kumbe." Juu ya barua sikuuliza, naye hakutaja, nikafikiri tutakuwa na siku nyingine. Alifariki Jumatano tarehe 4 Septemba 2024, saa kumi na moja jioni, watoto wake watatu wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, miezi mitatu na siku ishirini na moja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa wale waliomruhusu kuwa na kompyuta yake wodini siku za Alhamisi, nawashukuru majirani wa Kabianga waliochuma chai yake kwa zamu ili isikomae shambani, nawashukuru wahadhiri wenzake, wanafunzi wake, waimbaji na kina mama waliopika tangu Jumatatu, na ninyi wa Lublin ambao mmeketi tangu asubuhi yenu mkisikiliza nyimbo za Kikipsigis msizozielewa. Namshukuru pia Bi. Nyanchoka, ambaye alimlisha marehemu uji kwa kijiko wakati ambapo mimi nilikuwa bado nasubiri langoni.

Limebaki jambo moja. Ijumaa iliyopita, tarehe 6 Septemba, Fancy alipokuwa akitafuta kitambulisho cha mama yake alifungua droo ya meza ya kazi, akakuta bahasha yenye jina langu, jina lote, Mwalimu Mathew Kipkurui arap Chumo, akaniletea. Ndani mlikuwa na barua yake ile ya kwanza, yenye wino wangu mwekundu, na nyuma yake mlikuwa na barua hiyo hiyo ikiwa imeandikwa upya yote, kwa mkono, kwa wino wa bluu, kuanzia tarehe mpaka sahihi, na tarehe ni 18 Januari 2021, na pale palipokuwa na Bw. pameandikwa Mwalimu. Fancy, ambaye miaka yote alidhani bahasha hiyo ilinifikia, aliniambia kwamba habari ya wale wanafunzi wawili ilifika jioni ya siku hiyo, na kwamba mama yake hakukubali kuituma bahasha kwa mkono wa mtu mwingine, kwa maana masahihisho hupelekwa na mwenyewe, wala hakukubali kunikaribia kabla ya siku kumi na nne kwisha, kwa sababu nilikuwa na miaka sabini na saba na kifua changu anakijua. Siku hizo zilikwisha, na juu ya bahasha alikuwa amebandika kipande cha karatasi chenye neno moja, "Yamechelewa."

Alijua kwamba yaliyochelewa siyapokei. Nilimfundisha hivyo mimi mwenyewe, akiwa na miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo nasema mbele ya mchungaji, mbele ya jeneza hili na mbele ya kompyuta ile, kwamba sheria hiyo nimeiondoa leo, Ijumaa tarehe 13 Septemba 2024, na masahihisho haya nimeyapokea, nimeyasoma, hayana kosa, na nimeyatia tiki na alama ya 20 kwa 20. Dkt. Wrona ameniambia kwamba muhula mpya unaanza Alhamisi tarehe 10 Oktoba, saa saba na nusu kwa saa zetu, na kwamba kiti cha mzee mwenyeji kipo, na kwa kuwa barua inauliza kama nitakubali, jibu langu ni ndiyo. Nitakuja hapa Kabianga mwenyewe, nitafungua kamera, na namwomba Mwalimu Masese Omariba, ambaye namwita hivyo kwa mara ya kwanza, asogee anipe nafasi kwenye benchi lake, nami sitamficha kwamba bado naona wivu, hasa juu ya ile shali, na nitamsahihisha akikosea mwaka, lakini nitakuwa nimeketi kando yake.

Rebeccah Chepng'etich, binti wa Kipchumo na Elmina, sitakuita tena kwa jina lingine, ulikuwa mwalimu, na kazi yako nimeipokea. Lala sasa, Mwalimu, upumzike kwa amani.